Kitana cha bibi msikichome sindano!

SWALI: Shikamoo, pole na kazi. Bibi yetu ametutoka mwaka jana, kwenye kasha lake tumekuta kitana cha rangi ya pembe na redio ya kahawia nzito kweli, haiwaki tena. Jirani anasema kitana ni pembe ya ndovu kabisa, fundi wa mtaani anasema plastiki tu hiyo, akataka apashe sindano moto akichome ajue, mama akamnyang'anya. Tutajuaje, na tuvitunze vipi? Mjukuu, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Mama yako kaokoa nyumba! Kama kitana ni seluloidi, plastiki ya zamani, ile sindano ingeweza kukiwasha papo hapo, maana seluloidi ni pamba iliyolowekwa kwenye asidi, ndugu yake baruti kabisa, halafu ikachanganywa na kafuri. Ndo hii karafuu maiti tunayowawekea marehemu. Basi kipimo chako ni pua, shika kitana chini ya maji ya vuguvugu sekunde chache kisha nusa haraka, ukisikia karafuu maiti jibu umepata. Ikinuka kama maziwa yaliyoungua hiyo ni galalithi, plastiki ya maziwa, vifungo vingi vya zamani vilitengenezwa nayo.

Jirani naye msimcheke, seluloidi ilitengenezwa makusudi ifanane na pembe. Pembe zilizopita Zanzibar nyingi zilienda Connecticut kule Marekani, viwandani wakachonga vitana na vibao vya piano, na mipira ya biliadi nayo ilikuwa ya pembe, mpaka mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala, John Wesley Hyatt wa Albany akahangaika nayo hadi 1870 akapata hataza (haki ya mvumbuzi) ya seluloidi. Angalia kitana kwenye mwanga ukingoni: mistari iliyonyooka, imepangana sawasawa kama ya daftari, ni ya kiwandani. Ya ndovu inakatana kama wavu.

Redio nadhani ni Bakelite, plastiki ngumu ya zamani. Hii aliitoa Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, mwaka 1907, akachanganya kemikali mbili, fenoli na fomaldehaidi (ndo iliyomo kwenye fomalini) ndani ya chungu cha chuma chenye moto na mgandamizo. Ikishaganda haiyeyuki tena hata uifanyeje, ndo maana soketi, swichi na vishikio vya sufuria vilitengenezwa nayo, na mara nyingi walitia unga wa mbao ndani isivunjike kirahisi. Sugua kona yake kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka kipate joto, nusa, utasikia harufu ya dawa dawa ya hospitali. Mi harufu hio naipenda jamani, sijui niseme nini.

Kutunza sasa, hapa nawaomba sana. Kitana msikifungie kwenye mfuko wa nailoni! Mimi niliwahi kuweka changu hivyo pamoja na bangili za shaba za mama, nikaja kufungua bangili zimeota ukijani na kitana kinatoa jasho kina nyufa, sababu seluloidi ikizeeka inatoa mvuke wa asidi na mvuke huo unaharibu hata vitana vingine vilivyo jirani, kwa hiyo kiwekeni peke yake, kitambaa cha pamba, mahali penye hewa, mbali na jiko na jua. Redio futeni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Msipige msasa hata kama imefifia, ule mng'ao wa juu ndo unaozuia unga wa mbao usinywe maji, na Bakelite nyingine zilitiwa asbesto, vumbi lake lina sumu kwa mapafu.

Na umeme msiuchomeke kwanza, nyaya za zamani mpira wake hukauka ukapasuka. Mtafuteni mzee anayejua redio za valvu, zile zenye taa za kioo ndani, aifungue kwanza mgongoni.