Usiichomeke kwanza hiyo amplifaya ya valvu ya mjomba

Mkuu, umesema umerithi Vox AC30, amplifaya ya gita ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), ya marehemu mjomba wako, imelala stoo tangu miaka ya themanini, na leo jioni unataka kuichomeka "tuone kama inawaka". Nakuomba uache. Yangu niliichomeka.

Na iliwaka! Nikapiga gita dakika kumi, sauti tamu mpaka jirani akaja kuchungulia. Kisha ikaanza kunuka lami, moshi ukatoka nyuma, transfoma ya umeme ikawa imekwenda. Chanzo nilikijua baadaye: kapasita ndogo zinazopitisha sauti kwenda kwenye valvu nne za EL84, zile za kusukuma spika, zilikuwa zinavujisha DC, umeme mnyoofu ambao zilipaswa kuuzuia. Valvu zikanywa umeme kupita kiasi, bati la ndani likawaka jekundu kama kaa, na mimi niko mbele ya spika nimefumba macho kwa utamu. Fundi wa kusuka mota alinisukia transfoma ile mara mbili. Ya kwanza ilinguruma kama mashine ya kusaga.

Kwa hiyo kapasita hizo badilisha kabla ya yote, pamoja na zile kubwa za kuchuja umeme, hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Ila usiweke kubwa kupindukia eti uondoe mvumo: valvu ya GZ34, inayogeuza AC kuwa DC, haitaki kapasita ya kwanza izidi mikrofaradi 60. Rezista pima moja moja, ambayo omu zake zimepanda sana kuliko zilizoandikwa ndiyo itoke. Nyingine ziache.

Waya wa umeme nao utupe. Waya za Kiingereza za zamani zilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, kijani kwa ethi, na mpira wake kwa umri huo unamumunyuka kama biskuti. Funga mpya wa nyuzi tatu, ethi ikazwe kwa boliti kwenye bodi ya chuma ya amplifaya. Hapo sina mjadala, mpiga gita anashika nyuzi za chuma usiku kucha.

Sasa ndipo uwashe, kwanza bila valvu hata moja, ukipitisha umeme kwenye globu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano. Iwe ya kizamani yenye uzi ndani, LED haifai. Mimi nilizunguka Kariakoo siku nzima kuipata. Globu ikimulika kidogo na kufifia, salama. Ikibaki inawaka kikamilifu, kuna shoti, zima. Rudisha valvu, unganisha spika (bila spika utaua transfoma ya sauti), rudia.

Kichaguzi cha volti kule nyuma kiweke 245. Kwangu mita husoma 241 usiku. Ukishaondoa globu, pima volti za DC kutoka kwenye bodi: pini ya 2 ya kila EL84 isome karibu sifuri, pini ya 3 karibu volti 10.

Na kila ukizima, kumbuka ndani, kwenye zile kapasita kubwa, kumebaki zaidi ya volti 300. Zimwage kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, upime mpaka zishuke chini ya 10. Kuzimwaga kwa bisibisi usijaribu, mkono mmoja uwe mfukoni.

Ila kabla hujanunua chochote, fungua kifuniko cha nyuma, piga picha, weka hapa. Nataka nione kama kuna fundi aliyewahi kupita humo.