Mke na mume kutembea Roma kabla ya kupanda meli: je, wapunguze sala?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Mimi na mume wangu, Allah akipenda, tutasafiri mwezi wa Juni. Tutafika Roma kwa ndege Alhamisi asubuhi, tuutembee mji, kisha Jumatatu tukapande meli ya matembezi katika bandari ya Civitavecchia, tuzunguke baharini siku saba. Mume wangu anasema hatuna ruhusa ya kupunguza sala, kwa kuwa hatuendi kazini wala kutafuta elimu, tunakwenda kutembea tu. Mimi nachelea sala zitatupita tukiwa barabarani. Tufanyeje? Na melini tuswali vipi? Tena, inafaa kuingia makanisani kutazama?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Wengi hutuuliza wakisharudi, sala zimeshawapita. Wewe umeuliza kabla hujafunga begi, Allah akulipe kheri.

Binti yangu, mumeo hakuyabuni maneno yake. Katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi imo kauli kwamba anayesafiri kwa ajili ya kuona miji tu hana rukhsa ya qasri, yaani kupunguza sala, kwa sababu safari yake haina lengo sahihi. Lakini wanavyuoni hao hao wametofautisha. Anayetoka kujiburudisha, yaani kuiondolea nafsi uchovu na dhiki, huyo lengo lake ni sahihi na rukhsa anayo. Mke na mume wanaotoka ili wapumzike, wakae pamoja na wazidi kupendana, siwezi kuwaweka fungu moja na mtu anayezurura bila kujua anachokitafuta. Basi kaeni mzungumze, mjue mnatoka kwa nia gani. Na wala msitishwe na yanayofanyika ndani ya meli, kama ulevi na kamari. Safari huharamika kwa dhambi unayoikusudia wewe, haiharamiki kwa dhambi ya abiria mwenzako. Nyinyi jiepusheni na meza zenye pombe, kwa maana Mtume (s.a.w.) amekataza kuketi hapo.

Nakuomba pia umkumbushe mumeo habari ya sahaba Ya'la bin Umayya. Alimwuliza Sayyidna Umar: Qur'ani imetaja kupunguza sala mkiogopa makafiri, na sasa watu wako katika amani, mbona bado tunapunguza? Umar akamjibu kwamba hata yeye lilimstaajabisha, akamwuliza Mtume (s.a.w.), naye akasema: "Hiyo ni sadaka Allah amewapa, basi ipokeeni sadaka yake." Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Mtu akipewa sadaka na Mola wake anairudishaje?

Sasa hesabu ya siku, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Kwetu sisi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, huwa mkazi tangu anapofika. Nyinyi mnaingia Alhamisi na kutoka Jumatatu. Zinazohesabiwa ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku tatu. Kwa hiyo ni wasafiri: Adhuhuri, Alasiri na Isha mtaswali rakaa mbili mbili. Lau meli ingekuwa Jumanne, mngetimiza rakaa nne tangu Alhamisi. Tofauti ni siku moja tu, basi itazameni tiketi vizuri. Na mkiswali nyuma ya imamu mkazi, mtimize kama yeye. Mumeo halazimiki sala ya Ijumaa akiwa safarini, ila msikiti mkubwa wa Roma, uliofunguliwa 1995, uko kaskazini mwa mji, na akiihudhuria itamtosheleza badala ya Adhuhuri.

Kukusanya pia mnaruhusiwa, yaani kuswali sala mbili katika wakati wa mojawapo: Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Mwezi wa Juni jua la Roma huzama karibu saa tatu usiku, na Isha huingia usiku sana, kwa hiyo kuivuta Isha wakati wa Magharibi kutawapa usingizi kabla ya Alfajiri, ambayo nayo huwahi mno. Alfajiri haikusanywi wala haipunguzwi.

Kuhusu udhu msihangaike. Roma ina mabomba ya maji ya kunywa barabarani, kama 2,500, ya chuma, yenye mdomo uliopinda chini, na mengi maji yake hutoka mchana na usiku. Jaza chupa, utafute pembe ya faragha kwa ajili ya mikono yako. Kichwani unaingiza vidole chini ya mtandio, ukipaka nywele chache inatosha. Mkivaa khofu, yaani soksi za ngozi, mkiwa na udhu kamili, msafiri hupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu, siku tatu na nyakati zake za usiku. Soksi za kawaida hazitoshi.

Makanisa: Sayyidna Umar alikataa kuingia kwa ajili ya masanamu yaliyomo, na wengi katika wanavyuoni wetu wamelishikilia hilo. Wako waliolegeza. Mimi ningependa mtazame kwa nje, uwanja wa Mtakatifu Petro una mengi ya kutazama.

Melini mtaendelea kupunguza. Fardhi mswali kwa kusimama, ila anayeogopa kuanguka au kizunguzungu kimemzidi, huyo akae. Meli ikigeuka katikati ya sala, nanyi mgeuke kuielekea kibla, sala iendelee. Dira ya simu msiitegemee sana, chuma cha meli huipotosha. Tazameni jua, au ramani ya safari ambayo meli nyingi huionyesha kwenye televisheni ya chumbani. Pande hizo za bahari, Makka iko kusini mashariki.

Jumatatu ndiyo siku ya kuangaliwa zaidi. Adhuhuri ya Roma mwezi huo huingia saa saba na kitu mchana, saa ambayo huenda mkawa katika foleni ya mizigo bandarini. Wakati wake ukiingia, nuieni kuichelewesha hadi Alasiri, kisha mziswali zote mbili mkishafika chumbani, kabla hamjapanda juu kuiaga nchi kavu.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.