Tati ya matunda, na tunda lichaguliwe kwa maji yake

Swali lenu la wiki hii ni hili: wageni wa heshima wakija sikukuu, utawawekea nini mezani badala ya keki ya krimu? Najua wengi mtajibu mkate wa kumimina au visheti, na sina ugomvi navyo. Mimi naweka tati ya matunda: ganda la unga wa ngano na siagi lililookwa likakauka, kastadi nzito ndani yake, na matunda yaliyopangwa juu yakang'aa.

Naoka kwa oda hapa Chumbageni, Tanga, kwa hiyo krimu naijua na naiuza. Shida yake ni joto letu. Siagi iliyomo ikifika nyuzi 32 hivi inalegea kabisa, na mchana wa Februari au Machi hapa tunafika huko bila kujivuta. Maua ya krimu uliyohangaika nayo tangu alfajiri yanateremka ubavuni mwa keki kabla bwana harusi hajashuka garini. Tati haina maua ya kuteremka. Urembo wake ni tunda lenyewe. Wafaransa ndio wanaosifika nayo, lakini vya kuitengenezea vyote utavipata Soko la Mgandini na duka la Mangi lililo karibu nawe.

Sharti langu ni moja: tunda lichaguliwe kwa maji yake, rangi ije baadaye. Mteja mmoja wa Raskazone aliniletea picha kwenye simu, tati imejaa stroberi na kiwi, akasema, "Dada, nataka hivi hivi, ila hapo penye wekundu weka tikiti, si nalo jekundu?" Nikamwambia, "Mama, tikiti sehemu tisa katika kumi ni maji. Nikiliweka saa nne, saa sita wageni wako watakunywa tati kwa kijiko." Alicheka, lakini hakuridhika mpaka nilipomwonyesha plamu. Ilikuwa Desemba, na matunda ya Lushoto yalikuwa yameshuka. Ukipita Mombo msimu huo, wauzaji wanayaleta mpaka dirishani mwa basi. Plamu ukiikata vipande vyembamba bila kuimenya unapata wekundu wote unaoutaka, na haitoi maji ovyo. Pichi na peasi za huko huko nazo zinafaa sana.

Embe nachagua bolibo lililoiva lakini bado gumu kidogo mkononi. Likishalainika ni la juisi. Machungwa ya Muheza yana maji mengi, hilo halifichiki, lakini siwezi kuishi Tanga nikaacha kuyatumia. Nayamenya kwa kisu mpaka ngozi yote nyeupe itoke, natoa nyama tupu kati ya vigozi, kisha navitandaza vipande juu ya kitambaa safi kwa nusu saa vinyonywe. Ndizi ipakwe limau mara inapokatwa, la sivyo itakuwa nyeusi mbele ya wageni.

Nanasi na papai ndiyo yanayowashangaza watu. Yakiwa mabichi, yaani hayajapikwa, yana vimeng'enya vinavyovunja protini. Ndiyo maana tunapaka papai kwenye nyama ngumu. Ukiyalaza juu ya kastadi ya maziwa na mayai yanaanza kazi hiyo hiyo, na baada ya muda kastadi inalegea na kuwa na uchungu. Dawa ni moto. Nanasi likatwe, lichemke dakika chache na sukari kidogo, lipoe, lichujwe. La kopo limeshapikwa kiwandani, halina neno. Papai kwa tati siliweki kabisa, kwa sababu ukilipika linapoteza sura, na tati bila sura ya nini?

Kastadi sasa. Ile ya kopo tuliyokulia nayo mwezi wa Ramadhani, ya kumwagia matunda, ilibuniwa na Mwingereza Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, mwaka 1837, kwa kuwa mayai yalikuwa yakimdhuru mkewe. Kwa hiyo ndani yake hamna yai: ni wanga wa mahindi, rangi na harufu. Sidharau, na kama mgeni wako hali mayai, hiyo ndiyo yako. Ipike nzito kuliko ya kunywa. Lakini kwa tati ya sikukuu napika ya mayai: maziwa nusu lita, viini 4, sukari gramu 100, konflawa (huo huo wanga wa mahindi) gramu 40. Maziwa yachemke na hiliki iliyotwangwa. Wengi huweka vanila, mimi nakaa chini ya milima ya Amani inakolimwa hiliki, vanila ya chupa naiachia keki. Viini vipigwe na sukari na konflawa mpaka visiwe na madonge, maziwa ya moto yamiminwe humo kidogo kidogo huku unakoroga, halafu vyote virudi jikoni.

Hapa ndipo watu huogopa. Ikianza tu kuwa nzito wanaiepua, wakidhani yai litakatika. Halikatiki, ule wanga unalilinda. Iache ichemke kweli, itoe mapovu mazito yanayopasuka polepole, puu, puu, na mkono wako usisimame kukoroga kwa dakika moja au mbili, mpaka mwiko uache mfereji chini ya sufuria. Kiini cha yai nacho kina kimeng'enya chake, cha kula wanga. Usipokimaliza kwa moto, kastadi uliyoilaza kwenye friji ikiwa nzito utaikuta asubuhi ni uji. Ikishaiva imwage kwenye bakuli pana, ifunike kwa nailoni inayoigusa juu kabisa isifanye utando, ipoe.

Ganda halina maneno mengi: unga gramu 250, siagi baridi gramu 125, sukari ya kusaga gramu 80, kiini kimoja na maji baridi kijiko kimoja. Usikande kama chapati, kusanya tu lishikane, likae baridi nusu saa, lisukume na ulitandaze kwenye bati. Lichome kwa uma, tandaza karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu lisivimbe, oka nyuzi 180 dakika 15, toa maharage, endelea mpaka liwe rangi ya dhahabu. Asiye na oveni, au umeme ukikatika, apalie makaa: moto kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyooka mkate. Likiwa bado la moto, lipake ute wa yai ndani kwa brashi na ulirudishe motoni dakika mbili. Ute huo ukikauka unazuia maji ya kastadi yasiingie kwenye unga.

Kupanga anza ukingoni uende katikati, kila kipande kilalie mwenzake. Mng'ao ni jemu ya chungwa iliyopashwa na maji kidogo, ikapitishwa kwenye chujio la chai, ikapakwa kwa brashi. Unapendeza, na unazuia tunda lisinyauke.

Yote hayo hayana maana ukiijaza asubuhi kwa wageni wa jioni. Ganda, kastadi na matunda vikae mbalimbali mpaka saa moja kabla ya kula. Kastadi ni maziwa na mayai. Nje ya friji isipite muda wa saa mbili, na kwa joto la Machi usiruhusu hata saa moja kupita. Oda za Pangani na Muheza huwa sizijazi. Napeleka ganda ndani ya boksi, kastadi kwenye ndoo yenye barafu, matunda pembeni, mwenye shughuli anapanga mwenyewe. Wapo wanaonuna kwamba wamelipia kitu kizima wakapewa vipande. Huwa nawaachia brashi na jemu iliyochujwa, na wengi wao picha wanayonitumia baadaye imepangwa vizuri kuliko ambavyo ningepanga mimi.

Ikibaki, iingie friji usiku huo huo na iliwe kesho yake. Ganda litakuwa limelainika, na nyumbani kwangu kuna watoto wanaoisubiri ifike hapo.