Buti, sweta na hesabu: maswali yenu kuhusu kusomea maliasili

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke, simu yangu haipumziki. Nimechagua maswali matano. Mimi nilisoma misitu pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kisha nikafanya kazi wilayani, kwa hiyo majibu yangu yana vumbi la huko.

Shikamoo. Nimesoma CBG (kemia, baiolojia na jiografia) na ndoto yangu ni kufanya kazi na tembo. Niende SUA au Mweka? (Kijana, Kahama)

Marahaba. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wanafundisha wanyamapori tangu 1963, na sifa yao ni mafunzo ya porini. SUA nako kuna shahada ya wanyamapori, ila utaishi na watu wa misitu, kilimo na mifugo, na hao ndio utakaobishana nao kazini maisha yako yote. Kama unachotaka hasa ni doria na silaha, tazama chuo cha Pasiansi, Mwanza. Huko huhitaji shahada.

Sasa tuongee kuhusu tembo. Kazi ya tembo kwa sehemu kubwa ni kazi ya watu. Utaamshwa saa nane usiku kwa sababu kundi limeingia kwenye mahindi. Utafundisha wanakijiji kuzungushia shamba kamba iliyopakwa oili chafu na pilipili. Asubuhi utapima kilicholiwa ili mwenye shamba aombe kifuta jasho. Kanuni za 2011 zilipanga malipo kwa ekari, kufuatana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho ni ekari 5. Sasa kaa chini umweleze hayo mzee aliyepoteza ekari 8. Na tembo akiua mtu, malipo hubadilika jina yakawa kifuta machozi, na wewe ndiye utakayeingia msibani na fomu mkononi. Ukiona bado unaipenda kazi hii, chuo chochote kati ya hivyo viwili kitakufaa.

Binti yangu amechaguliwa kusoma misitu. Shangazi zake wanasema hiyo ni kazi ya wanaume. (Mama, Makambako)

Mama, shangazi wamechelewa sana. Mnunulie buti imara na sweta zito, maana mafunzo ya vitendo hufanyika kwenye msitu wa chuo kule Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, na baridi yake huwaliza watoto wa Pwani. Wa Makambako atawacheka.

Hesabu nilipata D kidato cha nne. Nitaweza? (Msomaji, Lindi)

Utaweza, lakini usidanganywe kwamba hesabu umeziacha nyuma. Chukua ploti ya duara, yaani kipande cha msitu tunachohesabia miti kwa niaba ya msitu mzima, yenye nusu kipenyo cha mita 15. Eneo lake ni kama mita za mraba 707, kwa hiyo kila mti unaouhesabu humo unasimama badala ya miti 14 hivi kwenye hekta. Ukiruka mti mmoja kwa uvivu wa kupita kwenye miiba, umefuta 14. Kipenyo cha shina tunakipima mita 1.3 kutoka ardhini. Utepe ukipinda, mti wa sentimita 20 ukausoma 22, kosa ni asilimia 10 tu, sivyo? Eneo la shina linatokana na kipenyo kikizidishwa chenyewe, kwa hiyo kosa lako limeshakuwa asilimia 21. Kisha mtu anachukua namba hiyo kuamua kijiji kivune magogo mangapi. Wengi niliowaona wakipata sapu (mtihani wa marudio) hawakuangushwa na majina ya Kilatini, waliangushwa na takwimu. Anza kujinoa sasa, na ukipata kompyuta, weka QGIS, programu ya kuchora ramani. Ni ya bure.

Ajira zipo kweli, au tunasomea mtaani? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Dodoma)

TFS ya misitu, TANAPA ya hifadhi za taifa, TAWA ya wanyamapori na halmashauri wanaajiri, lakini foleni ni ndefu kuliko nafasi. Mimi mwenyewe baada ya chuo nilijitolea kwenye ofisi moja, miezi saba ya kuchapa barua na kutumwa chai. Kilichonitoa pale ni mgogoro wa mpaka wa vijiji viwili. Hakuna ofisini aliyetaka kuutembea. Nilichukua GPS, nikatembea na wazee wa pande zote mbili siku tatu, nikachora ramani waliyoikubali. Mradi mmoja ulikuwa unatafuta mtu wa hivyo.

Ndiyo maana nakuambia utazame vijijini. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake, na Kilwa kuna vijiji vinavyouza mpingo kutoka misitu yao. Wilaya ya Tanganyika, Katavi, kuna vinavyolipwa kwa hewa ukaa inayohifadhiwa na misitu yao. Kote huko anahitajika mtu wa kuhesabu miti, kuandika mpango wa usimamizi na kuusoma mbele ya mkutano wa kijiji bila kusinzisha watu. Mikataba ni mifupi, hilo sikufichi. (Na uliyeniuliza kama bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu chuoni, linatosha: halitoshi.)

Babu yangu, mfugaji wa Shinyanga, anasema ninayosomea yeye anayajua bila chuo. (Mwanafunzi, Morogoro)

Babu ana hoja. Wasukuma walikuwa na ngitili muda mrefu: sehemu ya malisho inafungwa mvua zikianza, inafunguliwa kiangazi kikibana. Kisha miti ilifyekwa kuondoa mbung'o na kupanda pamba, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, ngitili nyingi zikabaki nyuma. Mkoa ukaanza kuitwa jangwa la Tanzania. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986, ngitili zilirudi kwa wingi wataalamu walipokubali kuanzia kwenye kile ambacho watu kama babu yako walikijua. Mara nyingi ilitosha kuzuia mifugo, visiki vilivyokuwa hai ardhini vikachipua vyenyewe.

Bado hujachagua mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho, nadhani. Likizo hii nenda na daftari. Muulize ngitili yake ilianzia wapi ikaishia wapi, nani alitozwa faini akiingiza ng'ombe kabla ya wakati, na faini ililiwa na nani. Hilo la mwisho atacheka kwanza kabla ya kukujibu.