Shingo kupinda baada ya kuanza haloperidoli

Pole sana mdogo wangu. Kaka yako ameanza haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, juzi tu, sasa shingo inapinda, taya limekaza, na mama anataka dawa zitupwe. Mwambie mama, kwa upole, kwamba hajarogwa upya. Dawa hiyo inazuia dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe, kwenye ubongo, na misuli nayo inaathirika, hasa siku za mwanzo na hasa kwa vijana wa kiume.

Msisubiri siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali ya Bombo leo hii na pakiti ya dawa mkononi. Kuna dawa za kulegeza hiyo misuli, mojawapo benzheksoli, kisha daktari ataamua kupunguza dozi au kubadilisha. Benzheksoli ya kuazima kwa jirani msimpe: inakausha mdomo, inafunga choo, na ikizidi inavuruga akili.

Akishindwa kupumua au kumeza, au akipata homa huku mwili umekakamaa na anaweweseka, hiyo ni dharura. Hata usiku wa manane itisheni bajaji.

Na akianza kuzungukazunguka ndani, hawezi kukaa kitako, mtajieni daktari pia. Wengi hudhani ugonjwa umepanda, kumbe nayo huweza kuwa dawa ileile.