Umeme unavyotenga maji na mafuta

SWALI: Nimesoma kwamba maji yaliyochanganyika na mafuta ghafi hutolewa kwa umeme. Mafuta hayapitishi umeme, sasa unafanya kazi gani humo? Si wayaache yatuame tu?

JIBU: Ndugu msomaji, kutuama kunategemea ukubwa wa kitone cha maji. Kikiongezeka kipenyo mara mbili, huzama kwa kasi mara nne. Tatizo ni kwamba vitone hivi ni vidogo mno, na kila kimoja kimevikwa utando unaokizuia kuungana na jirani yake. Vinaweza kuelea humo siku nyingi.

Na kwa kuwa mafuta hayapitishi umeme, tunaweza kuweka maelfu ya volti kati ya bamba mbili. Kila kitone hupata upande chanya na upande hasi, na chanya ya hiki huvuta hasi ya kile. Nimelitazama jambo hili kwenye hadubini mara nyingi na bado linanisisimua: vitone vinajipanga kama shanga uzini, vinatetemeka, mara viwili vinakuwa kimoja.

Mkemia Mmarekani Frederick Cottrell na mwenzake walipewa hataza ya njia hii Marekani mwaka 1911.

Ila usidhani volti zikizidi ndiyo heri. Uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme iliyopo kati ya bamba, ukiwa mkali kupita kiasi, kitone hurefuka, ncha zake huchongoka na kurusha vitone vidogo zaidi, kazi ikarudi nyuma. Maji yakiwa mengi, zile shanga huunganisha bamba na bamba, shoti ikatokea. Ndiyo maana mitambo mingine huvisha bamba kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Mimi husisitiza mafuta yapashwe moto kwanza, na dawa ya kulegeza utando itiwe mapema.