Jibu: Juisi ya miwa hailipi mjini kati mchana

Habari mkuu. Umeuliza kwa nini juisi yako ya miwa pale Makoroboi, Mwanza mjini, hainunuliwi mchana kiangazi hiki, na kama uhamie Capri Point.

Usihame kwanza, angalia kivuli. Mimi nilikuwa upande unaopigwa na jua kuanzia saa sita. Watu walinipita wakiambaa na kuta za ng'ambo. Nilipovuka barabara na kufunga turubai, wakaanza kusimama. Napapenda sana pale, pamechangamka.

Jioni sogea njia ya kivuko cha Kamanga, abiria wanaosubiri hununua. Ila kamuulize mtendaji wa mtaa panaporuhusiwa kabla hujaweka meza. Yangu ilichukuliwa pamoja na miwa yote, nikarudi nyumbani kwa miguu.